Milioni Mbili na Laki Nne

Duncan alikuwa amemwonya mkewe Kanini mara tatu: namba hii ni yetu wawili tu. Milioni mbili na laki nne. Mnada ukipita hapo angeshusha mkono, liwe liwalo. Ilikuwa akiba ya miaka kumi na minne ya kuchomelea mageti, pamoja na bei ya shamba la Kitui ambalo ndugu zake hawajamsamehe kuliuza.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kuringia. Vyumba viwili vya mawe Kawangware, choo nje, mabati yamezibwa kwa lami. Walikuwa wapangaji humo, na benki ilikuwa inaiuza kwa sababu mwenye nyumba alishindwa kulipa mkopo. Lakini humo ndimo Mama Kaveke, mamake Duncan, alimopofukia. Alijua kila kona kwa viganja vyake. Alijipikia chai, akajiendea msalani, hakumwomba mtu amshike mkono. Kumhamisha ni kumpofusha mara ya pili.

Jumapili kabla ya mnada, Duncan akiwa kazini, Kanini alikwenda peke yake kanisani kwao, mtaa wa Lindi, si mbali na hapo. Mhubiri akauliza nani ana haja maalumu. Kwenye kanisa hilo haja haiombwi kijuujuu. Ukitaka karo unataja shilingi, ukitaka mume unataja mpaka kabila. Kanini akasimama, akafumba macho, akamwambia Mungu nyumba, siku na namba. Lazarus, mzee wa kanisa mwenye duka la saruji na misumari, alimwekea mkono begani akalia kuliko wote. Machozi ya mtu mzima hivyo, nani angeyashuku?

Siku ya mnada watu wengi walinyamaza dau lilipofika milioni mbili, dau la Duncan. Kanini akaanza kupumua. Ndipo sauti ya nyuma ikaongeza laki moja. Duncan akaongeza, sauti ikaongeza. Duncan akasema mbili na laki nne. Sauti ya nyuma ikasema mbili na laki tano, bila haraka. Duncan akashusha mkono. Dalali akahesabu mara tatu, akagonga meza.

Nje ya ukumbi walimkuta mwenye sauti: Lazarus. Duncan alimsihi angalau awaache waendelee kupanga, kwa ajili ya mamake. Lazarus akasema anabomoa, anajenga ghorofa, lakini atawapa mwezi mzima.

"Na msinichukie," akaongeza. "Mimi nilikuwa nimepanga kuachia mbili na laki moja. Ni vile nilijua mnaishia nne, nikaona nikijikaza kidogo tu, imeisha."

Duncan akamuuliza alijuaje.

"Si sister aliomba hiyo namba mbele ya kanisa yote? Na tulimshika mkono."

Kanini alitamani atukanwe. Angetukanwa, angelia, pangekuwa na la kusema. Duncan alikwenda kwenye dirisha la karani kurudishiwa amana waliyoweka ili kushiriki mnada, akatia sahihi, wakatembea mpaka Kawangware akiwa hatua kumi mbele.

Mama Kaveke alisikia lango, akatoka uani bila fimbo, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Duncan, mwanangu, tumeipata?"

Duncan akampita, akaingia ndani.

"Muulize Kanini," akasema.