Mkono Mbele ya Taa

Kila alfajiri, kabla baba hajaenda kuchukua mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia, mimi husimama mbele ya vani, mgongo ukigusa ukuta wa banda. Yeye huwasha taa. Mimi huangalia ya kushoto, kisha ya kulia, kisha huinua mkono juu, maana yake zote zinawaka. Yeye hupiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu, halafu hutoka kinyumenyume. Tumefanya hivyo tangu enzi ambazo ilinibidi nipande juu ya ndoo ili anione.

Siku hiyo nilikuwa bado sijainua mkono pale kaka alipotoka ndani na taulo kiunoni, akafungua mlango wa dereva, akapitisha mkono mbele ya tumbo la baba na kuchomoa ufunguo.

Vani ikanyamaza. Baba akazizima taa mwenyewe, taratibu, kama anayehofia betri hata katikati ya kudhalilishwa.

"Huendi," kaka alisema.

"Nipe ufunguo wangu."

"Sikupi."

"Wewe kijana, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu aliyegonga nguzo ya geti jana jioni. Nguzo, baba! Imesimama palepale tangu sijazaliwa. Haijawahi kumkatizia mtu njia."

Shangazi, dada yake baba ambaye ndiye aliyetulea, alichungulia kutoka mlango wa jikoni akiwa ameshika birika. "Nyie, majirani bado wamelala. Gombaneni kwa sauti ndogo."

"Nilishakwambia," baba alisema. "Hizi taa zikiwa hapa bandani zinawaka vizuri. Nikishika barabara, nikiwasha indiketa, zinafifia. Pale mlimani ndio kabisa."

"Balbu nimebadilisha. Fyuzi nimebadilisha. Balbu nimebadilisha tena, za bei. Nimebakiza nini?" Kaka alikuwa anahesabu kwa vidole, na ufunguo ulikuwa unacheza kwenye kidole cha mwisho. "Kilichobaki ni macho yako, mzee. Na hayo hayauzwi kwenye duka la spea."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, kama vile gari linakwenda. Aliangalia mbele, kwenye ukuta.

Mimi si mtu wa kelele. Chuoni nilikuwa yule anayejua jibu na kuangalia meza. Nilisomea umeme wa magari, na juma lililopita, nikiwa namimina chai, nilikuwa nimesema kwamba huenda tatizo ni ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nilisema vizuri tu, kwa sauti yangu ya kawaida. Kaka akanijibu, "Sukari ipo?" Baba akanisogezea kopo. Mazungumzo yakaisha hapo, na siku iliyofuata kaka akaenda kununua balbu nyingine.

Sasa nilimwona baba amekaa kwenye gari lisilo na ufunguo, na nikatoka pale ukutani.

"Nitaendesha mwenyewe leo," kaka alikuwa anaendelea. "Na kesho. Na keshokutwa. Baba apumzike, imetosha."

"Huendeshi," nilisema.

Aligeuka. "Nani kasema?"

"Taa ni mbovu. Ukitoka nazo hivi, utagonga mtu wewe mwenye macho mazuri."

"Zinawaka! Si umeziona sasa hivi zinawaka?"

"Kuwaka si kupona. Nipe muda wa shangazi kuchemsha chai."

"Ala!" Alimtazama shangazi, kisha mimi. "Leo injinia kaongea. Haya, tuonyeshe. Tuone chuo kilikufundisha nini zaidi ya kunong'ona."

Ningeweza kumrushia spana. Nasema kweli, nilipima umbali. Badala yake nilimnyang'anya ufunguo kidoleni, nikampa baba dirishani, nikafungua boneti na kuipiga ile fimbo ya kuishikilia kwa nguvu mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati ya banda.

"Washa taa, baba. Na injini."

Taa ziliwaka. Ukutani yakatokea maduara mawili, ya njano njano, kama ya chai ya maziwa.

"Umeona?" kaka alisema.

"Washa indiketa ya kushoto."

Baba akawasha. Kila indiketa ilipopepesa, yale maduara mawili yalififia pamoja nayo, yakarudi, yakafifia tena.

"Waipa."

Waipa zikaanza kukwaruza kioo kikavu, na maduara yakazidi kuwa mekundu. Kaka alifungua mdomo. Nilimwonyesha kidole bila kumtazama na akaufunga. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko inavyostahili.

Nilileta mita yangu. Pale betri ilipo, umeme ulikuwa mzima, zaidi ya volti kumi na tatu injini ikizunguka. Kwenye waya unaoingia kwenye balbu, mzima pia, karibu sawa. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikahamisha ncha moja ya mita kwenye waya mweusi unaotoka kwenye balbu, na nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri, kwa sababu ni njia moja, bati kwa bati. Ilisoma nne. Nilipoutikisa waya kwa kidole ikaruka mpaka sita, na taa zote mbili zikalegea kama mtu anayesinzia.

"Njoo uone," nilimwambia kaka.

"Mimi naona namba tu."

"Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri. Unarudi kwa kupitia bodi ya gari. Hapa unafika, lakini kurudi unazuiwa. Ndio maana ukiweka balbu mpya ni kazi bure. Ungeweza kununua balbu za duka zima."

"Nani anauzuia?"

Nilichukua waya mrefu, nikaunganisha ule mweusi moja kwa moja na betri, na ukuta ukawa mweupe. Mweupe kabisa. Shangazi aliyekuwa anakuja na vikombe alisimama na kuweka kiganja usoni. "Yesu na Maria, mbona mmeleta jua?"

Nilimwambia baba azime kila kitu, nikafuata ule waya mweusi kwa vidole mpaka ulipofungiwa, kwenye bolti moja nyuma ya taa ya kulia, mahali ambapo nyaya za taa zote mbili, za indiketa na za mota ya waipa zinakutana. Nikafungua bolti. Chini ya kile kipete cha waya, pale ambapo palipaswa kuwa na chuma kitupu, palikuwa na rangi. Ya buluu, laini, inayong'aa, imepigwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

Kaka anapiga rangi magari. Ndiyo kazi yake, na ni fundi mzuri. Wiki ile ya mahafali yangu aliing'oa vani yote mbele, taa, bampa, nyaya, akaikwangua kutu, akaipiga rangi upya usiku na mchana, akarudishia kila kitu palipokuwa. Alisema hataki mimi nishuke mbele ya wenzangu kutoka kwenye kitu kinachofanana na debe. Nilipoiona asubuhi ile nililia mpaka nikaharibu wanja.

Yote hayo niliyakumbuka nikiwa nimeinama chini ya boneti. Hasira haikuondoka. Ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa imechanganyika na kitu kingine na sikuweza kuishika vizuri.

"Hii ni rangi yako," nilisema.

Aliinama. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Nilipiga kila mahali," alisema polepole. "Sikutaka kutu ibaki hata pa kuweka kidole."

"Ndiyo. Ukapiga mpaka kwenye njia ya umeme. Ukafunga waya juu ya rangi isiyopitisha umeme, kisha ukazunguka mtaa mzima ukisema baba haoni."

"Mtaa mzima sijasema."

"Umemwambia muuza spea! Amenipa pole juzi. Pole ya nini, nikajiuliza, nani kafa?"

"Basi, basi," baba alisema kutoka ndani ya gari.

"Si basi!" Sauti yangu mwenyewe sikuijua. Shangazi alikiweka chini kikombe alichokuwa ameshika. "Mwombe baba radhi."

"Sawa, taa zilikuwa mbovu, nimekubali. Lakini ile nguzo..."

"Mwombe!"

Kaka alizunguka mpaka dirishani. Alikuwa bado na taulo lake, akilishika kwa mkono mmoja, na hiyo ilifanya heshima yote iwe ngumu. "Samahani, baba," alisema akiangalia tairi.

"Yameisha," baba alijibu haraka. Haraka mno, nadhani sasa. Wakati ule nilichukulia kuwa ni ukarimu.

Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha kipete, nikafunga bolti kwa nguvu zote za hasira iliyobaki na kupaka grisi juu yake. Nikafunga boneti. Kisha nikaenda kusimama kwenye nafasi yangu, mgongo ukutani, spana mkono mmoja na kipande cha msasa mkono mwingine.

"Washa."

Mwanga ulinipiga kifuani. Nikageuka kuangalia ukuta: niliona kila tundu la msumari, na buibui mdogo akikimbia kutafuta kivuli. Indiketa ilipepesa na taa hazikutikisika hata kidogo. Nilikuwa naona fahari kiasi cha kusahau kila kitu. Nilimtazama kaka nione anavyoonekana mtu aliyeshindwa.

Honi ikalia. Mara moja, fupi, kwa adabu. Vani ikaanza kurudi nyuma.

Mikono yangu ilikuwa chini. Yote miwili.

"Subiri!" nilisema. "Baba, simama. Tuanze upya."

"Si umesema sawa?"

"Tuanze upya tu."

Alirudi mbele, akazima taa, akawasha. Niliweka spana na msasa chini. Nilijiambia kwamba ana haraka, kwamba mashuka yanasubiri. Kisha nikakunja mkono wa kushoto na kuuweka kifuani. Hiyo ndiyo ishara yetu ya kwamba taa ya kushoto imekufa, na hatujaitumia miaka mingi, lakini si kitu ambacho baba angekisahau, kwa sababu ni yeye aliyeibuni. Nilisimama hivyo, katikati ya mwanga mkali kuliko wote uliowahi kutoka kwenye gari lile, hatua chache tu kutoka kwenye kioo.

Honi ikalia. Ileile.

Kaka alikuwa pembeni yangu. Aliona. Nilimgeukia nikiwa tayari kabisa kumrukia iwapo angetabasamu, hata kidogo tu. Hakutabasamu. Aliangalia chini na kukaza fundo la taulo lake, na nikaona kwamba hakuwa anataka kabisa kushinda. Hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kumkasirikia upande ule.

Nikaenda dirishani.

"Baba, nimekuonyesha nini?"

"Kwamba zote zinawaka."

"Nimekuonyesha ya kushoto imekufa."

Alikaza mikono kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma.

"Mara ya kwanza sikukuonyesha chochote," nilisema. "Mikono ilikuwa chini. Siku zote hizi unapiga honi kwa mazoea?"

"Taa zilikuwa mbovu," alisema. "Umeziona mwenyewe. Umezipima."

"Zilikuwa mbovu, ndiyo! Siulizi taa!" Nilipiga mlango wa gari kwa kiganja. "Nimekupigania tangu alfajiri. Nimemfokea kaka yangu mbele ya shangazi. Nimemfanya akuombe radhi, na wewe ukaipokea! Ukasema yameisha! Ulikuwa unajua?"

Shangazi alisema, "Mtoto, taratibu," lakini hakusogea.

Baba akazima injini. Taa aliziacha, na mara hii hakujali betri. Alifungua mlango wake kwanza ili ashuke, akaona hapana, akaufunga. Kisha akainua miguu yake kwa shida, akavuka ile gia, akahamia kwenye kiti cha abiria, ambako kwa miaka yote nimeona mashuka tu yakikaa, yakiwa bado na joto la pasi. Alikaa pale na kufunga mkanda. Kiti cha dereva kikabaki wazi.

"Nenda kavae suruali," alimwambia kaka. "Mashuka yanasubiri."

Kaka hakwenda.

"Taa zilipoanza kufifia nilifurahi," baba alisema. Alikuwa haongei na mmoja wetu hasa. "Kweli kabisa. Nikasema kumbe ni gari. Mlivyokuwa mnabadilisha balbu mimi nilikuwa naomba moyoni mkosee tena."

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa bado juu. Haikujua njia ya kushukia.

"Niseme nini? Nikae nyumbani tu, kila mtu anayepita aniulize kama nimekunywa chai?"

"Ungesema tu!"

Aligeuza uso kuelekea dirisha la dereva nilipokuwa nimesimama, lakini macho yake yalitua pembeni kidogo ya uso wangu, kwenye sikio, na nilijua kwamba yamekuwa yakitua pale kwa muda mrefu. Akatafuta ukingo wa mlango wa upande wake kwa kiganja, akaupata, akaushika.

"Haya, nasema," alisema. "Nipelekeni nikapimwe macho. Naogopa kwenda peke yangu."