Ugoro wa Kogo

Kibuyu cha marehemu mama yake Chepkurui kilikuwa bado kwenye kigingi chake ukutani, na kila jioni, saa ya kukama, kulikuwa na mtu anakisugua kwa ndani. Kwaru, kwaru, kwaru. Ni ile sauti ya kifagio kinachopaka masizi ya mkaa ndani ya kibuyu ili maziwa yalale vizuri. Chepkurui aliisikia akiwa nje penye kuni. Akikimbilia ndani, anakuta nyumba tupu, na kibuyu kimetulia kama mtu aliyekuwa akisengenya akanyamaza ghafla.

Panya hao, alisema Cheptanui, mke mpya wa baba. Huyu hakuwa mama wa kambo wa kulisha watoto maganda. Alimpakulia msichana kabla ya kujipakulia mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kukaa kwenye kigoda cha mtu mwingine. Lakini Chepkurui hakunywa maziwa ya mkono wake, akabaki mbavu na macho.

Tangu mazishi, hakuna aliyemtaja marehemu kwa jina. Kwao mtu akifa jina lake hufunikwa pamoja naye, na anayelitaja anamwamsha. Baba, Kipkemboi, alikuwa mkamaji kwa mzungu mmoja huko Solai, na kila jioni aliwaita ng'ombe wa watu kwa majina, Rozi, Meri, Beti, kwa sauti tamu kama anaposa. Lakini marehemu mkewe, yeye alimwita "yule" tu.

Tena ulikuwa mwaka wa ukimya. Malori ya serikali yalikuwa yamewachukua majirani Wakikuyu, na mlango wa kina Wariara, rafiki yake, ulibaki ukijigonga wenyewe kwa upepo. Asubuhi moja Chepkurui alijaribu kukumbuka kicheko cha mama yake, akaletewa kicheko cha Cheptanui. Siku hiyo alimwambia baba kwamba mama yumo ndani anasugua kibuyu, na kwamba hawamsikii kwa sababu hawataki.

Kipkemboi alitazama tumbo la mkewe, lililokuwa limefika miezi yake, akaogopa. Alisema mtoto akishazaliwa na kupewa jina, Chepkurui ataenda Nakuru kwa shangazi yake akabembeleze watoto wa wengine. Nyumba moja haiwezi kulea mtoto mchanga pamoja na mtoto anayeongea na wafu.

Sasa, siku ya jina ndiyo siku pekee ambayo wafu huitwa bila woga. Wanawake huketi ndani asubuhi, wakataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenyewe amerudi. Mtajaji alikuwa Kogo, nyanya mzaa baba, mwanamke mfupi wa meno machache na maneno mengi. Chepkurui alikuwa amemwona kwa jirani akifika kwenye jina analolipenda, anachovya kidole katika kipembe chake cha ugoro na kukipitisha karibu na pua ya mtoto. Alipomuuliza, Kogo hakuona haya.

"Wafu nao ni wazee," alisema. "Wengine wanataka kushikwa mkono."

Na safari hii alikuwa ameshachagua: mama mkwe wake. Alinitesa huyo, alieleza, nataka nimbebe mgongoni nimfinye matako.

Ndiyo maana, asubuhi ya jina, Chepkurui aliiba kile kipembe cha ugoro akakificha kwapani, ndani ya gauni.

Kogo alijipapasa, akapapasa tena. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja, kisha akamtazama Chepkurui kwa muda mrefu. Akaanza kuita. Mama mkwe aliitwa mara ya kwanza kwa heshima na mara ya mwisho kwa hasira. Mtoto alipiga miayo. Majina yakaisha. Wanawake wakainamia sakafu, maana mtoto asiyejiwa na mtu ni mtoto wa kutisha, na Cheptanui akaanza kulia bila sauti, mtoto kifuani.

Kwaru, kwaru.

Haikuwa saa yake. Chepkurui alidhani ni yeye peke yake tena, lakini Cheptanui alikuwa ameinua kichwa anatazama ukutani, machozi yamekatika. Msichana akasogea, akamgusa mtoto shavu.

"Tapsubei," alisema.

Mtoto akapiga chafya.

Mzee mmoja wa kike alinung'unika kwamba mama yake Chepkurui aliolewa tu hapa, hana damu na mtoto huyu. Kogo akamwambia chafya haiulizi damu. Wote wakamgeukia Cheptanui. Alimtazama mtoto kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni, kisha akampa titi.

"Karibu, mke mwenzangu," alisema. "Nyonya polepole."

Nje, Kogo alinusa vidole vya Chepkurui. Vilinuka ugoro. Msichana akaapa hakukifungua kipembe, alikishika tu. "Nimekuuliza?" alisema Kogo, akakichukua kipembe chake na kujitia ugoro puani mwenyewe. Kisha akamfuata Kipkemboi zizini kumuuliza ni baba gani anayemtenga mtoto na mama yake wakati amesharudi. Kipkemboi alilitaja jina lile chinichini, kama anayejaribu daraja kwa mguu, ndipo akaita ng'ombe. Habari ya Nakuru haikusikika tena.

Jioni hiyo kibuyu kilikaa kimya. Cheptanui alikitungua kwa mara ya kwanza ili akisafishe, akafungua kifuniko, akachungulia, akakaa chini. Ndani palikuwa pameng'aa kwa masizi mabichi, pananukia moshi wa siku hiyohiyo.

Hakusema panya. Alikijaza maziwa, akampa Chepkurui aliyembeba mtoto mgongoni, mgongo umeshalowa.

"Mama amenikojolea," alisema Chepkurui.

Akanywa mpaka mwisho, na mgongoni mtu akashusha pumzi.