Boga la Kiti cha Nyuma

Mchana ule mwalimu Mhina alifundisha kwamba ukikaa mbali na taa mara mbili zaidi, mwanga unaokufikia ni robo tu. Mara tatu, moja ya tisa. "Hata uvutano una tabia hiyo hiyo," alisema. Darasa zima liliandika. Habakuki peke yake ndiye aliyeona wokovu.

Umeme ulikuwa umekatika Korogwe, na prepo, yaani kujisomea kwa jioni, ilitegemea taa moja ya sola mezani kwa mwalimu. Kiti cha Habakuki kilikuwa nyuma kabisa. Basi boga la bustani ya shule likavishwa sweta na kofia yake, likaketishwa kwa heshima zote mbele ya kitabu kilichofunguliwa, naye akapita dirishani kufuata chipsi mayai nje ya uzio. Hatari aliijua. Baba yake, mzee Fransisko, alikwisha kuapa: akiitwa shuleni tena, anarudi na mwanawe Handeni, akalime mihogo mpaka aote mvi.

Aliporudi na chipsi zake, akachungulia dirishani. Taa ilikuwa nyuma. Mwalimu Mhina alikuwa ameihamisha, akaketi ubavuni mwa boga.

"Leo umetulia, mwanangu," mwalimu aliliambia boga. "Hebu nieleze, kwa nini mwanga hufifia ukienda mbali?"

Boga likatafakari. Darasa likang'ata kalamu.

"Usiponijibu, nampigia baba yako sasa hivi."

Habakuki akachuchumaa chini ya dirisha, akafumba macho.

"Hauchoki njiani, mwalimu," ukuta ukajibu. "Unatawanyika. Mwanga ule ule, ukifika mbali mara mbili, unagawiwa eneo kubwa mara nne. Kila mahali panaambulia robo."

"Safi kabisa. Na taa ikihama?"

"Basi, mwalimu... wa nyuma ndiye anayekuwa wa mbele."

"Ingia na chipsi zako. Mzee simpigii, boga limefaulu. Mwenye kesi ni wewe."

Wiki nzima Habakuki alikaa kiti cha mbele kabisa, boga mapajani, akilisomea kila somo kwa sauti. Ijumaa wapishi wakalichemsha. Shule nzima ilikula na kulamba vidole. Habakuki alisogeza sahani yake pembeni, akavua kofia, akasema hawezi kumtafuna mwanafunzi mwenzake.