Tairi la Nyuma Siku ya Kumzika Opal

Msumari niliuona saa tano asubuhi kwenye uwanja wa kanisa, Opal akiwa ndani amelala katika jeneza lake, na mimi nikiwa nimebakiwa na saa tatu kabla ya kumsindikiza. Ulikuwa msumari wa paa, wenye kichwa kipana, umezama katikati kabisa ya tairi langu la nyuma. Tangu yale mafuriko kila nyumba ya bonde letu inaezekwa upya, na misumari imezagaa barabarani kama mchele uliomwagika. Nilichuchumaa nikasema neno ambalo halisemwi kwenye uwanja wa kanisa.

Katika chama chetu cha pikipiki, mwenzetu akifa tunakwenda wawili wawili nyuma ya gari la maiti, isipokuwa safu ya kwanza. Pale huwa pana pikipiki moja tu, upande wa kulia. Upande wa kushoto unaachwa wazi, na hiyo ndiyo nafasi ya marehemu. Anayekaa kando ya nafasi hiyo ni yule aliyeendesha naye siku zote. Mimi na Opal Sizemore tuliendesha pamoja miaka thelathini na minane. Tulianza wakati chama hakitaki kusikia habari za wanawake, tukawekwa mkiani, tukala vumbi la wanaume mpaka wakachoka kutufukuza. Kwa hiyo nafasi ya kando yake ilikuwa yangu, na nilikuwa tayari kupigana na mtu yeyote, pale pale mbele ya mchungaji.

Mtu mwenyewe alikuja bila kuitwa. Denver Combs ndiye kapteni wa msafara wetu, ndevu mpaka kifuani, tumbo mpaka kwenye tangi la mafuta. Si mtu mbaya. Ila tangu apewe ukapteni, hata mvua akiiona inanyesha anataka kujua imeomba ruhusa kwa nani.

"Verlene, hilo tairi limekwisha," akasema.

"Halijaisha. Lina msumari."

"Msumari ndio mwisho wa tairi."

"Basi wewe na yale magoti yako ya chuma tungekutupa zamani."

Arlis, jirani yangu mwenye pikapu ya kubebea maua, akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Denver hakucheka. Alitoa koleo mfukoni, akainama.

"Usiuguse!" nikamwambia. "Hauvuji. Nimeutemea mate, hakuna hata povu moja. Ukiachwa ulivyo utatufikisha makaburini na kunirudisha nyumbani."

"Naangalia tu umeingia kiasi gani."

"Denver, nakwambia usi..."

Akauchomoa. Tairi likapiga mluzi mrefu, na pikipiki yangu ikaanza kukaa chini polepole, kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kulala. Denver akasimama na msumari wake kwenye koleo, akiutazama kana kwamba ndio wenye makosa.

"Unaona?" akasema. "Ulikuwa umeingia mpaka ndani."

Nilitaka kumpiga na kofia yangu ya chuma. Nasema kweli, mkono ulikwisha kuinuka. Kilichonizuia ni kwamba Opal angecheka mpaka adondoke, na nikikumbuka kicheko chake ningelia, na sikutaka kulia mbele ya Denver Combs.

Nikapiga simu kwenye duka la pikipiki kule mjini. Kijana wa huko alikuwa na adabu zake zote. "Pole sana, mama. Sisi matairi ya pikipiki hatuzibi, tunabadilisha tu. Lako halipo hapa, litafika Jumanne."

"Jumanne Opal atakuwa ameshalizoea kaburi lake," nikamwambia, nikakata.

Denver alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. "Sikiliza, dada. Utapanda nyuma yangu. Au kama hutaki, Arlis atakubeba kwenye pikapu pamoja na maua."

"Na ile nafasi ya mbele?"

"Nitaishika mimi. Lazima mtu aishike."

Ndio hapo. Miaka thelathini na minane tuliambiwa tupande nyuma ya mtu, na siku Opal amenyamaza asiweze kujibu, nikaambiwa tena mimi niliyebaki. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mimi sipandi nyuma ya mtu," nikasema. "Na mimi si ua. Nalitia kiraka."

"Kiraka hakiingii kwenye msafara. Unaijua kanuni. Tairi la mtu wa mbele likipasuka, walio nyuma yake wanamwangukia kama magogo."

Na hapo hakuwa anasema uongo, lazima nikubali. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita katika barabara hizi za milima, nikiwa na watoto wa watu mgongoni. Najua tairi likikusaliti linafanya nini. Basi nikachuchumaa tena, nikaangalia bila hasira, kama vile pikipiki ni ya mtu mwingine na amekuja kuniomba ushauri. Tundu lilikuwa katikati, mbali na ubavu. Lingekuwa ubavuni ningeingia kwenye pikapu mwenyewe, nikakumbatia maua na mdomo wangu nikaufunga. Lilikuwa tundu dogo na la mviringo, halikuchana kitu. Meno ya tairi yalikuwa bado marefu. Safari yenyewe ilikuwa maili tisa, nyuma ya gari la maiti ambalo haliendi zaidi ya maili ishirini na tano kwa saa. Hata mkokoteni ungefika.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia Denver. "Mimi naziba ufa. Wewe unataka ukuta, tena Jumanne."

Nikafungua mkoba wa chini ya kiti, wenye vifaa vya kuzibia tairi. Nikaingiza tupa kwenye tundu, nikaizungusha mpaka mkono ukauma, maana tundu lazima likwaruzwe ndani ili kiraka kishike. Nikachukua uzi ule mnene, wa rangi ya kahawia, unaonata kama asali ya molasi, nikaupitisha kwenye jicho la sindano nene, nikausukuma kwa uzito wa mwili wangu wote. Nina miaka sitini na minne na bega moja bovu. Wanaume saba walisimama wakitazama na kutoa maoni.

"Ziwe mbili, Verlene, uzi mmoja hautoshi."

"Mimi ningemwaga dawa ya povu ndani, kwisha."

"Dawa ya povu ni uchafu, bwana. Inaharibu rimu."

"Heri nusu shari, mama," akasema Arlis kwa upole. "Pikapu yangu ina kiyoyozi."

"Arlis, nakupenda, lakini nyamaza."

Nikaivuta sindano, uzi ukabaki. Nikakata ncha zake kwa kisu, nikaunganisha pampu ndogo kwenye betri, ikanguruma kama paka mgonjwa mpaka upepo ukatimia. Nikatema mate juu ya kiraka. Tukainama wote, hata Denver. Mate yalikaa kimya.

"Haya," nikasema.

"Mimi ndiye kapteni, Verlene."

"Wewe ni kapteni wa msafara. Wa tairi langu ni mimi. Unaogopa nitaanguka mkaniangukia? Sawa, ogopa, wala si aibu. Kaa nyuma yangu umbali utakaokutuliza moyo. Kaa hata kaunti ya pili. Lakini mbele pale, kando ya Opal, nakwenda mimi, na anayetaka kunizuia alale chini mbele ya gurudumu."

Hakuna aliyelala. Kengele ikalia, tukaingia kuimba.

Saa nane gari la maiti lilitoka, nami nikatoka nalo, upande wa kulia. Kushoto kwangu palikuwa patupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote ya siku ile isipokuwa hilo. Mara mbili niligeuza kichwa kumwonyesha shimo la barabarani, kama tulivyozoea kuonyeshana, na mara zote mbili mkono wangu ulielekeza shimo kwa hewa.

Na niliogopa, sitaficha. Maili ya kwanza nililisikiliza tairi kwa makalio, kila mtikisiko nikidhani ndio wenyewe. Penye kona ya daraja gurudumu la nyuma liliteleza kidogo kwenye changarawe. Likashika. Nikapumua, nikatazama kioo kuona kama Denver ameona.

Denver hakuwapo. Nilimtafuta kwenye kioo mpaka nikamkuta huko nyuma, kadogo, na wengine kumi na wanne nyuma yake wawili wawili. Alikuwa amechukua maneno yangu kama yalivyo. Kati yangu na yeye ungeweza kuegesha mabasi manane ya shule.

Huku kwetu maiti ikipita magari husimama pembeni, na watu barazani huinuka. Waliinuka siku ile pia. Mafundi wa paa waliacha nyundo zao. Wanaume walivua kofia gari la maiti lilipopita, wakaendelea kuzishika vifuani nilipopita mimi, kisha wakatazama ule upana mtupu wa barabara nyuma yangu. Hawakuzivaa. Mzee mmoja wa machimboni alisimama na kofia yake kifuani barabara ikiwa haina kitu chochote, kimya, akiinamisha kichwa, mpaka Denver alipojitokeza kwenye kona. Niliona yote hayo kwenye kioo, na hapo ndipo nililia, maana Denver alikuwa mbali, asingeniona.

Makaburi ya akina Sizemore yako juu ya kilima. Tulipokwisha kumfukia, Icie, dada yake Opal, mwenye miaka themanini na kitu, alikuja na fimbo yake mpaka kwa Denver, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimezika ndugu sita kilimani hapa, mwanangu," akasema. "Nimeona misafara ya kila namna. Lakini nafasi kubwa kama ile mliyomwachia Opal sijapata kuiona. Watu wa barabara nzima wanaizungumza. Ni wewe uliyeipanga?"

Shingo ya Denver ikawa nyekundu mpaka chini ya ndevu. Akanitazama. Nami nikamtazama bila kumsaidia hata kidogo.

"Hapana, mama," akasema mwisho. "Ni Verlene."

Icie akanigeukia, macho yamejaa. "Mbona mliiacha kubwa hivyo, binti?"

"Alikuwa mkubwa, Icie," nikasema. "Nafasi ya mtu mmoja isingemtosha."