Ajali Mbaya Sana

Mariette alifunua kitambaa, akamtoa funza kwenye goti la bintiye kwa pini ya nywele. Watu waliokuwa kwenye benchi pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakasogea mbali, viganja puani. Grâce alikuwa na miaka tisa na hakulia tena. Kilio kilimwishia njiani walipokuwa wakiikimbia Kivu, kule Kongo. Chuma kilikuwa bado ndani ya mfupa. Muuguzi wa zahanati alikwisha sema: apasuliwe Mbarara kabla ya wiki kwisha, la sivyo mguu utakatwa. Gari la majeruhi wa vita lilikuwepo, limeegeshwa palepale uani. Ilikosekana karatasi tu, ya kuthibitisha jeraha ni la vita.

Karatasi ilikuwa kwa karani Meddy, aliyezaliwa katika kambi ya jeshi ya Mbarara na kufundishwa Kiswahili na baba yake sajini. Kilikuwa Kiswahili cha amri.

"Nani alikupiga?"

"Kandege."

"Ndege?"

"Kandege kadogo, papa. Siku ya Mungu, tuko tunaimba mu kanisa. Kakasimama kule yulu, kakaangusha. Bwana yangu Constantin akapasuka mbele yangu. Nilikusanya mikono tatu. Ile ya tatu, sijue ni ya nani."

"Nani alikuwa naendesha?"

"Hapana mutu ndani."

Meddy akacheka. "Nyabo, ndege bila mtu naruka namna gani? Mimi mtoto ya jeshi. Hapa kwa fomu iko laini moja tu. Sema moja."

Laiti angekuwa nayo hiyo moja! Waasi wa mlimani kwao walikuwa na rafiki, rafiki akaja na jeshi lake. Serikali nayo ikaita jirani, jirani akaleta askari wa kukodiwa, na kila mmoja wao alikuwa na mjomba ng'ambo mwenye kiwanda cha vindege. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Wahenga wana bahati, walihesabu fahali wawili tu.

"Ni ba jeshi ya inchi mingi," akasema. "Kila moya na rafiki yake."

"Nchi gani?"

Meddy aliweka kalamu chini. Juu ya meza, simu yake ilikuwa imewaka: picha ya kaka yake katika magwanda, bunduki kifuani. Alikuwa amekwisha mtambia muuguzi asubuhi ile, Mariette akisikia, kwamba kaka yuko kazini Kongo. Mgeni hamtukani mwenyeji nyumbani kwake. Mariette akalimeza jina la nchi ya kaka huyo, akajichukia.

"Basi mimi naandika ajali. Ajali ya ndege. Sindiyo?"

Neno ajali kwao halikuwepo. Alilichukulia kuwa Kiswahili kikubwa cha ofisini, jina la jambo lile lililompasua Constantin.

"Ndiyo, papa," akasema, akapiga makofi taratibu kwa shukrani. "Ajali. Ajali mubaya sana."

Muhuri ukagongwa.

Aloys, dereva wa gari la majeruhi, mkimbizi kama yeye, aliisoma karatasi mara mbili kisha akamrudishia.

"Mama, hapa baliandika ajali. Siwezi kumubeba, gari hii ni ya ba vita tu."

"Ajali njo nini?"

"Aksida. Yenye hakuna mutu aliitaka."

Mariette alirudi mbio. Mlango wa Meddy ulikuwa umefungwa. Yuko semina, akaambiwa, atarudi Jumatatu. Jumatatu Meddy alisema kilichogongwa muhuri hakifutwi.

Walifika Mbarara siku ya tisa tangu muuguzi aseme, juu ya lori la ndizi. Mguu ulikuwa mweusi hadi pajani. Daktari hakuuliza nani alimpiga, aliukata. Jioni Mariette akakabidhiwa furushi ndani ya kavera, mfuko mweusi wa plastiki, akaambiwa akazike mwenyewe.

Alilibeba kifuani hadi stendi ya bodaboda ya Kakoba. Mbarara hakuwa na ardhi hata ya kuzikia kidole. Nakivale alikuwa amepimiwa kipande cha shamba.

"Mama, umebeba nini?" dereva wa bodaboda akauliza. "Nyama?"

"Mutoto."

Dereva aliliangalia furushi lilivyo jembamba. "Mutoto mzima?"

"Hapana. Mwenyewe amebaki hopitali."

Dereva akalipokea, akalilaza nyuma ya kiti, akalifunga kwa mpira kama anavyofunga mkungu wa matoke, akakaza mara mbili lisije likaanguka.