Kromu Isiyobanduka

Ngosa alikuwa amechuchumaa uani kwake, Kamalondo, akikwangua jante, rimu ya gurudumu la gari, kwa kisu cha jikoni. Kromu ilikuwa inatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, na chini yake kulikuwa na kutu. Jante zilikuwa nne, za gari kubwa jeusi la Sitwayen, yaani Raia, Chomba, mkubwa wa chama aliyekaa kule Golf, mtaa wa wenye vyeo. Wachuuzi walizileta kutoka kusini kwa njia ya mpaka wa Sakania, zimefungwa katika karatasi laini, na zilipofika ziling'aa hata mtu akaona haya kuzipitisha kwenye matope. Msimu mmoja wa mvua ukazimaliza.

Ngosa hakushangaa. Kazi hiyo aliijua. Aliisomea kwa macho na mikono katika kampuni ya shaba ya serikali, kwenye mabeseni yenye umeme, mpaka kifua kilipomkatalia. Kromu peke yake ni urembo tu. Ili ikae, chini yake sharti upake nikeli, na chini ya nikeli shaba, maana shaba ndiyo inayoshikana na chuma. Waliotengeneza jante zile walitaka faida ya haraka, wakairuka shaba. Na hapa Lubumbashi, ambapo moshi wa kiwanda unashuka na ukali wake juu ya mabati, nguo na mboga, kromu isiyo na shaba ni kazi bure.

Alikwisha kuzipaka mara mbili bila shaba, na mara zote zikabanduka. Safari hii Sitwayen Chomba alikuja mwenyewe, kwa gari la ofisi. Hakuteremka. Alisema kwa upole kabisa kwamba zikibanduka tena, kiwanja kile, nyumba na ua wake, atapewa mtu anayejua kazi, kisha akapandisha kioo.

Sasa shaba itoke wapi? Hapo ndipo pa kucheka, kama una moyo wa kucheka. Mji mzima umekaa juu ya shaba. Treni zinaibeba mchana na usiku, watu wanaikohoa, lakini dukani hupati hata ya kutengenezea pete, na ukikutwa na kipande kisicho na karatasi unalala ndani. Ilichimbwa hapa, ikaenda zake, basi. Ngosa alizunguka kwa kila mtu aliyemjua, akarudi mikono mitupu.

Nyumbani kulikuwa na shaba moja tu: msalaba wa zamani, mzito, wa ile waliyokuwa wakiiyeyusha wazee kabla kampuni yoyote haijafika. Babake Ngosa aliutoa kwa wazazi wa Agnès kuwa mali ya kuolea, pamoja na mablanketi na jembe. Agnès alipokufa, bila mtoto, mamake aliurudisha mkononi mwa mkwe, akisema kwake unamnyima usingizi. Tangu hapo ulikaa kitandani, upande wa Agnès. Ngosa alikuwa mpweke namna hiyo: anasonga bukari, ugali wa mtu mmoja, anakula akitazama ukuta, anauwekea msalaba mkono, analala.

Kila mtu wa Kamalondo anajua kwamba mali ya kuolea haifanyiwi kazi nyingine. Ngosa naye alijua, asikudanganye mtu. Lakini alitazama chumba alichofia mkewe, akatazama mpapai alioupanda Agnès mwenyewe, akaona akifukuzwa hapa atafiwa mara ya pili. Akautundika msalaba ndani ya beseni, akafungua umeme. Msalaba ukaliwa taratibu, shaba yake ikahamia kwenye jante, mpaka ukabaki waya uliouning'iniza.

Juu yake akapaka nikeli, kisha kromu, na jante zilitoka nzuri ajabu. Alizigonga kwa nyundo, hazikupasuka. Alizimwagia asidi, ikateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Akazifunga kwenye gari jeusi lililokuwa likingoja uani, nalo likarudi Golf.

Jioni iliyofuata, saa kumi na mbili, gari lile liliondoka Golf bila dereva. Lilikuja polepole, likiwapisha wenye baiskeli na akina mama wenye mizigo kichwani, likasimama mbele ya ua wa Ngosa. Ndani ya jante ya mbele, upande wa kushoto, alikuwa amekaa Agnès, akichambua mboga za lengalenga. Alikuwa mdogo kama picha ya kitambulisho, na mviringo wa jante ulimnenepesha mashavu kidogo.

“Anaclet,” alisema, akilitazama shati lake, “hii chemise ilipasuka tangu lini?”

Ngosa alijibu kwamba tangu Pasaka. Hakuna mtu aliyekuwa akimwita Anaclet tena. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, na watu wakayaacha, hata padri aliyatamka kwa sauti ya chini. Agnès alikufa kabla ya amri ile, kwa hiyo haikumhusu. Ngosa aliingia ndani kutafuta kitambaa cha kupangusia jante, na akakawia huko, kwa sababu alikuwa analia.

Majirani waliopita walimsalimia Agnès na kumuuliza habari za huko. Akasema si mbaya, baridi tu kidogo. Baadaye akafika Mulenga, dereva wa Sitwayen Chomba, juu ya baiskeli, jasho linamtoka. Alingoja pembeni mpaka mume na mke wamalize mazungumzo yao, akapakia baiskeli, akarudisha gari. Ikawa ndivyo kila jioni. Kule Golf walilalamikia petroli.

Mamake Agnès, Mama Mwansa, alikuja kumtazama mwanawe. Walizungumza sana, wakacheka, wakasengenya watu wa zamani. Kisha akamgeukia Ngosa nusu, uso pembeni, kama mama mkwe anavyotakiwa kuzungumza na mkwewe.

“Weye ulitia mali ya kuolea ku jante za ule muntu,” alisema. “Ile mali iko kwake sasa, alishaipokea. Basi ni yeye mukwe wako, si miye tena. Agnès, bibi yako, atakuya kukuona, sababu mali ililipwa. Lakini kumubakisha hapa ao kumupeleka mbali, ni yeye atasema.”

Alipokwisha kusema hayo alimgeukia kabisa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kwa kuwa sasa hakuna kilichomzuia. Akamwambia amekonda.

Hakuna aliyebisha, sheria ilikuwa wazi. Tangu siku ile, Sitwayen Chomba alipopita barabarani, Ngosa alijitenga kando na kuinamisha macho, heshima ya mtu kwa mkwewe. Hilo halikumsumbua. Alikuwa na furaha, tusimfichie. Mchana alipaka kromu za watu akipiga mluzi, jioni alipangusa jante ile moja zaidi ya zile tatu, wakabishana yeye na Agnès juu ya chumvi na juu ya nani alipoteza ufunguo mwaka ule. Gari likishaondoka, ua ulikuwa mtupu kuliko ua wowote wa Kamalondo, lakini kesho ilikuwepo.

Kisha Sitwayen Chomba akapandishwa cheo, aende kukaa Kinshasa. Gari lingepanda treni mpaka Ilebo, na kutoka huko meli.

Ngosa asingeweza kwenda kumkabili mkwewe ana kwa ana. Alimtuma fundi cherehani wa jirani awe mjumbe wake, naye akaenda na kuku na pombe kama inavyopasa. Ujumbe ulikuwa mfupi. Mkwe aziache jante, Ngosa atampakia nyingine nne. Zikishindikana nne, aiache moja tu, ya mbele, ya kushoto. Mjumbe alikaa kule Golf muda mrefu kwenye benchi la bustani, na aliporudi hakuwa na kuku.

“Alisema jante za kukaa vile hazipatikane mu inchi yetu,” mjumbe alieleza. “Alisema nikuambie merci, aksanti. Kazi iko muzuri sana.”

Watu wa Kamalondo walisema hilo si haki. Aliyekula mali sharti atoe mke, hata mtoto mchanga anajua. Walilisema majumbani mwao, milango imefungwa, redio imeongezwa sauti.

Jioni ya mwisho mume na mke hawakubishana juu ya kitu. Agnès aliacha mboga zake, akaweka mikono mapajani.

“Ulifanya kazi muzuri sana, Anaclet,” alisema. “Ungeifanya mubaya kidogo.”

Ngosa alichukua kitambaa, akaipangusa jante ile mara ya mwisho. Kesho yake alisimama kwenye uzio wa stesheni. Gari lilikuwa limefungwa kamba juu ya behewa, nyuma ya mabehewa ya shaba, na vyote viliondoka pamoja.

Sasa akawa fundi wa ajabu. Kila jioni alimwomba Mungu aiharibu kazi yake. Aliombea Kinshasa mvua, mashimo ya barabarani, madereva walevi, maana alijua zikibanduka huko hakuna wa kuzitengeneza ila yeye, na zitapakiwa treni zirudi. Kwa fundi ni aibu kuombea hivyo. Aliona aibu, akaomba.

Mvua zikaja na kwisha, zikaja tena. Ndipo Mulenga alipopata likizo, akaja kusalimia. Ngosa alimpa kiti na chupa ya bia, akamwacha anywe kwanza. Mulenga alieleza kwamba nyumba ni kubwa, karibu na mto. Mwanzoni gari lilitoka kila jioni kuelekea huku, na kila jioni askari walilirudisha, kwa kuwa lilikwenda bila karatasi za safari. Sitwayen Chomba akachoka, akalifunga mnyororo kwenye nguzo ya gereji. Ikifika saa kumi na mbili magurudumu yanazunguka pale pale, na sakafu imechimbika.

Ngosa aliuliza habari za kromu.

“Hata alama moja, mufundi,” Mulenga alisema. “Munyororo ndiyo iko napata kutu. Balisha kuubadirisha.”

Akaizungusha chupa mikononi. Kisha akasema lile lililomleta.

“Kila mangaribi bibi yako iko naniuliza kama imeanza kubanduka. Sababu yeye mule ndani haoni.”

“Unamujibu nini?”

“Namudanganya. Namuambia imeanza kidogo, kwa chini.”

Ngosa aliipokea chupa tupu. Halafu akainuka ili amsindikize mgeni.

“Endelea kumuambia vile,” alisema, na akamtoa mpaka barabarani.