Uzi Mrefu Ukutani

"Hivi shoga, hizo nyuzi ukutani ni za kutegea panya au umeanza uganga?"

Jirani yangu, muuza viatu vya mitumba, aliniuliza hivyo siku alipokuja kuazima sindano. Nilicheka mpaka nikajichoma. Nikamwambia uganga wangu ni cherehani, na hizo nyuzi ni watu.

Ndivyo zilivyo. Kwaya ya kanisa letu ina waimbaji kumi na tisa, na kila mmoja ana uzi wake kwenye msumari mmoja juu ya cherehani, na kifungo cha rangi yake kileleni. Nikimpima mtu napiga fundo la bega, la kifua, la mkono na la urefu. Futi ya kupimia ninayo, na namba nilifundishwa kabla sijaishia darasa la saba. Lakini namba huandikwa kwenye karatasi, na karatasi ina miguu. Yangu ilipotea mwaka mmoja, nikakata kwa kukisia, na wenye sauti nene wote wakaimba Krismasi majoho yakiwa yamewaishia magotini. Tangu hapo naamini uzi.

Utaratibu wangu ni huu: uzi haushuki msumarini mpaka mwenyewe ahame au azikwe. Na nikikata, nakata kwa nyuzi, sikati kwa orodha.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, kama lilikuwa kosa.

Mwaka huo kwaya ilipata kitambaa kipya, cheupe, na cha zambarau kwa ajili ya kola. Mwenyekiti wa kwaya, dada wa umri wa binti yangu, aliniletea orodha ya majina, nikaibana chini ya pasi nikaendelea na mkasi wangu. Sikuisoma. Siku moja kabla ya Krismasi, saa tisa alasiri, alikuja kuchukua mzigo. Majoho yalikuwa yamenyooshwa, yamelala kitandani kama watoto wa familia moja. Akahesabu kwa kidole.

"Mama Fundi, haya mbona kumi na tisa?"

"Si nyinyi ni kumi na tisa?"

"Orodha ina kumi na nane. Chiriku hayumo."

Chiriku ni jina tulilompa kwa kuwa sauti yake hukaa juu huko kwa ndege, na mdomo wake nao haujui kupumzika. Kazi yake ni kufagia wodi za hospitali. Kwenye mazoezi alikuwa amesimama akasema kwamba zamani kwaya ikitoka ibada ya Krismasi ilipita kwanza kuwaimbia wagonjwa, turudishe jambo hilo. Mwenyekiti akamjibu kwamba ukumbi wa karamu umepambwa, mpiga picha amekwishaagizwa, na wageni hawawezi kukaa mezani na watu wanaonuka dawa. Chiriku akasema Bwana mwenyewe alizaliwa pananuka ng'ombe. Watu wakacheka. Nilikuwepo, nikaona kilichomuuma Mwenyekiti si yale maneno, ni kile kicheko.

Sasa jina limekatwa. Na bila joho, mtu hapandi ngazi za kwaya. Kesho Chiriku angekaa mabenchini mdomo umefungwa, na habari ya wodi ingekufa naye hapo hapo, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiisema.

"Lifumue hili," Mwenyekiti akasema, akilinyanyua kwa kola. "Kitambaa kitafunika meza ya wageni."

"Silifumui."

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia kitambaa cha meza. Mengine chukua yote."

"Mama Fundi, wewe ni fundi. Mambo ya kwaya yana wenyewe."

"Ndiyo maana nashona, siimbi. Ningeimba mngehama kanisa."

Hakucheka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. Akanyoosha mkono ukutani, akashika uzi wenye kifungo cha bluu, wa Chiriku, akauvuta. Nyuzi zikikaa pamoja muda mrefu hushikana. Ule wa bluu ulishuka na mwingine, wa kifungo cha kahawia, ukamwangukia begani na ncha yake ikagusa sakafu.

"Na huu wa nani?"

"Wako."

Akaupandisha mpaka usawa wa macho, akaona bado unaburuta. "Wangu? Mbona mrefu hivi? Mimi si mlingoti."

Miaka kumi na moja nimempima kwa uzi ule, nikiukunja kiganjani asiuone. Hakuwahi kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa ameniagiza: usimwambie, ila akiuliza usimdanganye. Nikaweka mkasi chini.

"Ulikuwa wa mume wangu."

Akaniangalia.

"Mwanangu, ulikuja hapa ukiwa mgeni, Krismasi imebaki wiki moja. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Waliokuwa wakiongoza wakasema kwaya imejaa, yule msichana akae na watu. Mume wangu alikuwa wodini, kitanda cha dirishani, na joho lake lilikuwa tayari hapa. Akaniambia, likate, umpe yule mgeni, mimi nitaimbia kitandani. Nikalikata. Mafundo ya chini ni yake. Haya ya juu ni yako."

"Mimi niliambiwa joho lilizidi."

"Halikuzidi."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, juu ya mkono wa joho nililolipiga pasi dakika chache tu kabla. Nikamwacha. Kuna pasi za kurudia.

"Tulikwenda kuimba wodini siku ile," akasema. "Wimbo wenyewe nilikuwa siujui, nafungua mdomo tu. Kulikuwa na mzee dirishani anagonga kikombe kwa kijiko, anatufuatisha."

"Alikuwa anakutazama mabega."

"Alisema nini?"

"Alisema la kushoto nimelivuta kidogo. Na kweli nilikuwa nimelivuta."

Hapo alicheka, kicheko kidogo cha puani, halafu akajifuta uso kwa kiganja. Alizichambua zile nyuzi mbili pale magotini mwake, taratibu, fundo kwa fundo, mpaka zikaachana. Nilikuwa nimemaliza maneno yangu. Nilijua Mungu hahitaji nimsaidie kusukuma, nikashika pindo la pazia nikaanza kulishona, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Akasimama, akaurudisha uzi wa kahawia msumarini. Akaurudisha na wa bluu, pembeni yake. Akakunja majoho kumi na manane akayapanga kwenye mfuko. La kumi na tisa akalikung'uta, akalitazama bega la kushoto, akaliweka mkononi kwa mapana ili lisijikunje.

"Meza ya wageni nitawaazima shuka langu jeupe," nikamwambia. "Lina kiraka, ila sahani itakifunika."

Ukitoka kwangu, kanisa na ukumbi viko kushoto. Hospitali iko kulia, na Chiriku siku hiyo alikuwa zamu mpaka jioni. Mwenyekiti alitwaa mfuko, akasukuma mlango kwa kiwiko, akatoka, akashika njia ya kulia.